Nafisa Atupe Mgongo

Barabara ya kutoka Palma kwenda Quionga haimhurumii mwenye mgongo mbovu, na mgongo wa Mestre Raimundo ulikuwa mbovu tangu zamani. Alishuka kwenye pikipiki mbele ya kituo cha redio, akasimama ameshika kiti kama mtu aliyeshika bega la rafiki, akangoja miguu yake ikubali kwamba safari imekwisha. Mfuko wake ulikuwa mwepesi. Siku hizi alibeba vile tu ambavyo hangeweza kuviazima huko aendako: bisibisi mbili, koleo, na ile mita ya kubana nyaya, aliyoifunga kwa kitambaa kama mtoto mchanga.

Alikuwa Mmakonde wa Mueda, lakini miaka aliyoishi pwani ilikuwa imeipita ile ya bara, na Kiswahili chake kilikuwa cha Palma. Umeme aliusoma ukubwani, katika masomo ya usiku, akiwa tayari na mke na mvi za kwanza. Watu walimwita mestre, yaani fundi mkuu, na hakuwahi kumkataza yeyote.

Hamido, mwenyekiti wa kamati ya maji, alikuwa keshakaa barazani anamngoja.

"Karibu, Mmakonde. Tulidhani umesimama njiani kuchonga kinyago."

"Nilisimama kuwatafuta wenye barabara. Nikaambiwa Wapwani bado wamelala."

Hamido akacheka, akamsogezea kigoda. Kicheko hakikudumu. Alikuwa mtu mnene aliyezoea kupendwa, na kwa wiki kadhaa sasa hakuna aliyempenda.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Juu ya paa la kituo kulikuwa na paneli za sola, na ndani ya kabati la mbao kulikuwa na betri. Betri hizo zililisha vitu viwili: redio, na pampu ya kisima iliyokuwa nyuma ya nyumba. Pampu hufanya kazi alfajiri, kabla jua halijapata nguvu, ili wanawake wachote maji kabla ya kwenda mashambani. Kwa muda mrefu redio na pampu vilikaa pamoja kama wake wenza wanaosikilizana. Halafu redio ikaletewa kompyuta mpya, kubwa, na tangu siku hiyo pampu ikawa inakohoa mara mbili tatu na kuzimika tangi likiwa halijafika nusu.

"Sisi tunasema kompyuta inamaliza betri usiku," alisema Hamido. "Nafisa, mtangazaji wetu, anasema betri zimezeeka. Wewe tupimie. Hasa hicho kitu cha ndani, wanachokiita prosesa. Yule aliyeileta kompyuta alisema hicho ndicho kinachokula. Kikila kingi, tunaikata redio, maji yaendelee. Kikila kidogo, redio inabaki na sisi tutatafuta betri."

"Redio yote?"

"Mtu hanywi sauti, mestre."

Mwanamke mmoja alikuwa amesimama uani na ndoo tupu kichwani, ameishika kwa mkono mmoja. Huyu alikuwa Bi Zubeida, msemaji wa wanawake wa bombani, na hakuwa mtu wa kusubiri aulizwe.

"Mpime na mwenyekiti," alisema. "Tuone naye anakula kiasi gani."

Raimundo aliinuka polepole. Alikuwa amechoka, na uchovu wake haukuwa wa barabara peke yake. Kulikuwa na jambo ambalo Hamido hakulijua. Kila siku, kuanzia alasiri hadi karibu na isha, redio ile ilipokea simu za watu waliotawanywa na vita: aliyeko Montepuez anamtafuta mama, aliyeko Mtwara anamtafuta mume. Namba ya redio ilikuwa imesambaa makambini kote. Mtu anapiga, sauti yake inatoka hewani hapo hapo, na mara nyingine jamaa aliyeko Quionga au Palma anaitambua kabla jina halijatajwa. Na kila jioni Raimundo hukaa dukani kwake Palma, redio imewekwa mezani, akingoja sauti ya Virgílio, mdogo wake wa mwisho, ambaye redio humtangaza kwa ombi lake.

Virgílio alikuwa mlinzi wa usiku wa ghala. Siku ile watu walipoukimbia mji wa Palma, Raimundo aliingia porini kuelekea Nangade, na mdogo wake alionekana upande wa ufukweni, katikati ya umati. Tangu hapo hakuna habari. Raimundo alijua jambo moja tu la kutegemea: mlinzi wa usiku ni mlinzi wa usiku popote aendapo. Mchana analala kama gogo. Jua likianza kushuka anaamka, anakula, anachukua simu yake na kwenda lindoni. Kama Virgílio yu hai, na kama angepiga, angepiga jioni.

Mtu anayepima hatakiwi kutaka chochote. Alifundishwa hivyo. Aliuchukua mfuko wake, akaingia ndani.

Nafisa alikuwa mezani. Yeye ndiye aliyetangaza, aliyeendesha kompyuta na aliyefagia, mwanamke mwenye sauti ndogo ambayo redio huifanya kuwa kubwa. Alipomwona mgeni mlangoni alisimama mara moja. Mkono wake ulipita kwenye kompyuta, ukafunga hiki, ukafunga kile, kioo kikabaki kitupu. Huku kwao mwanamke akifikiwa na mgeni naye anasuka ukili, huuweka ukili chini. Anayetwanga huegemeza mchi ukutani. Ukiendelea na kazi mbele ya mgeni, umemwambia bila maneno kwamba amekuja wakati mbaya.

"Karibu, mestre, karibu baba. Kahawa iko tayari."

Kulikuwa na kahawa, na vitumbua vimefunikwa kwa kawa. Raimundo alikunywa. Mama yake Mueda naye angeweka mchi chini vilevile, na heshima ile ilimpa raha kidogo.

Nafisa aliinama kumwongezea kahawa, akasema kwa sauti ya chini, "Ukipata namba kubwa, mestre, tumekwisha. Mimi na wewe."

"Nitapata namba iliyopo," alisema Raimundo.

Alifungua ubavu wa kompyuta. Alimwonyesha Hamido, aliyekuwa amesimama nyuma yake akipumua kwa nguvu, zile nyaya nne zinazokwenda kwenye prosesa peke yake, mbili za njano na mbili nyeusi. Mita yake ilikuwa na mdomo kama wa kaa. Mdomo unauzunguka waya bila kuukata, na mita inausoma mkondo wa umeme kutoka nje.

"Mbona nyeusi unaziacha?" aliuliza Hamido.

"Za njano zinapeleka, nyeusi zinarudisha. Ukizibana zote pamoja, unaokwenda na unaorudi unafutana, mita inakuambia sifuri. Nimeona mafundi wakiandika hiyo sifuri na kwenda zao."

Kabla ya kubana, alikiondoa kipaza sauti kikubwa kilichokuwa mezani na kukipeleka chumba cha pili, kwa sababu kina sumaku, na sumaku huidanganya mita ya aina ile. Kisha akaielekeza mita hewani na kuirudisha kwenye sifuri, ili isianze kuhesabu kutoka katikati. Ndipo akabana zile mbili za njano. Alifanya hayo yote taratibu, kwa kujivuna kidogo, kama anavyofanya mtu anayetazamwa.

Mita ilisoma sifuri nukta tisa. Ikacheza, ikawa moja, ikarudi sifuri nukta tisa.

"Haifiki hata ampea moja na nusu," alisema. Alingoja. Namba haikuondoka pale. "Taa mbili tatu tu za nyumbani. Hiki hakiwezi kumaliza betri."

Nafisa aliketi kwenye kiti kama mtu aliyekatwa kamba. Hamido alishika kiuno, akautazama mdomo wa kaa, akamtazama fundi.

"Basi betri," alisema.

"Basi betri."

"Haya. Nitawaambia. Watanila nyama, lakini nitawaambia."

Hakukuwa na usafiri wa kurudi Palma hadi kesho yake, kwa hiyo Raimundo alikubali kulala kwa Hamido. Mchana alijinyoosha kwenye mkeka barazani pa kituo. Alipaswa kuwa na furaha. Alichosikia ni mgongo wake, na hata usingizi haukuja sawasawa.

Jua lilipoanza kulegea alisikia simu za kwanza zikiingia. Ilikuwa ajabu kuzisikia kutoka upande huu wa ukuta. Sauti iliingia ikiwa na kelele za upepo na mkwaruzo, kama mahindi yanayokaangwa, halafu kwa muda wa kupepesa jicho ikatoka safi, sauti ya mtu. Kompyuta ndiyo iliyokuwa ikiisafisha. Kabla ya kompyuta hii, mtu aliweza kumsikia ndugu yake na asimjue.

Aliingia ndani akakaa kwenye benchi la ukutani. Nafisa hakugeuka. Alikuwa hewani, amevaa vipokea sauti masikioni, mikono yote miwili kazini, mgongo wake kwa mgeni. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kwa Raimundo kuingia mahali Quionga na asikaribishwe.

Akaisikia feni.

Asubuhi, alipokuwa akipima, kompyuta ilikuwa kimya, hata Hamido alipohema ilisikika pumzi yake. Sasa feni iliyo juu ya prosesa ilikuwa inalia kama mashine ya kusaga. Raimundo aliweka kiganja kwenye ubavu wa bati. Ulikuwa wa moto.

Kiganja kikiwa bado kwenye bati, aliirudia kichwani kazi yake ya asubuhi. Aliondoa sumaku. Aliweka sifuri. Alichagua nyaya zilizo sahihi. Na baada ya hayo yote alipima prosesa iliyokuwa imelala, kwa sababu mwenye nyumba alimwekea mgeni kazi chini. Ni kama kupima mzigo wa punda siku ya Idi. Na yeye, aliyeyajua haya, aliyefundishwa kwamba kitu hupimwa kikiwa kazini, alikuwa anakula kitumbua.

Mita ilikuwa ndani ya mfuko. Ingeweza kubaki humo. Hakuna mtu Quionga nzima ambaye angeuliza.

Kipaza sauti chenye sumaku kilikuwa bado chumba cha pili. Aliufungua ubavu wa kompyuta polepole, akairudisha mita kwenye sifuri, akabana.

Sita nukta nane. Mwanamke wa Montepuez alikuwa akimwita mwanawe hewani, na namba ilipanda ikawa saba na kitu. Alikibonyeza kitufe kinachoshika kilele. Kikaganda kwenye nane nukta mbili. Na alijua kwamba vilele vya kweli vilikuwa virefu zaidi, kwa kuwa prosesa hurukaruka haraka kuliko mita ile inavyoweza kufuata. Alijua pia kwamba betri hutoa zaidi ya hapo, maana umeme hupungua kila unapogeuzwa njiani. Wastani ulitosha. Ilikuwa mara saba ya asubuhi, saa baada ya saa, kila jioni.

Nafisa aliweka wimbo, akavua vipokea sauti, akageuka. Aliiona mita.

"Kuna nini hapo?"

"Saba."

Aliitazama namba, akamtazama yeye. "Asubuhi si ulipima kwa mita hii hii?"

"Hii hii. Asubuhi ulikuwa umefunga kila kitu."

"Ulikuwa mgeni, mestre. Ningekupa mgongo?"

"Ndiyo. Na mimi ningekuomba unipe."

Wimbo uliendelea. Nafisa aliongea haraka, akijua utakwisha. "Mwenyekiti ameshaambiwa. Ameshakubali. Na wewe unamngoja mtu. Mimi nakijua hicho kitangazo chako kwa moyo, jina la mama yenu, kazi yake ya usiku, kovu la kidoleni, vyote. Wewe ukisema saba, nani atakisoma?"

"Simu inaita," alisema Raimundo.

Nafisa aligeuka akaipokea. Aliyepiga alikuwa mwanamume, na kwa neno la kwanza Raimundo alinyanyuka kidogo kwenye benchi kama alivyozoea kunyanyuka kwenye kiti chake Palma. Alikuwa mtu wa Mocímboa anayetafuta wajomba zake. Raimundo aliketi tena. Aliiacha mita pale ilipobana, ikipanda na kushuka na sauti za watu, hadi kipindi kilipokwisha.

Kwa Hamido alikula samaki na wali, akasifu, lakini ile namba ya jioni hakuitaja. Hamido alidhani ni uchovu.

Alfajiri aliamshwa na kukohoa kwa pampu. Alitoka akaenda bombani. Wanawake walikuwa wamepanga ndoo zao, na wao wenyewe wamekaa chini wamejifunga kanga mabegani, bila maneno mengi. Maji yalitoka, yakapungua, yakawa kamba nyembamba, yakakatika. Bi Zubeida alichungulia ndani ya ndoo yake, akaiinamisha kidogo kuona kama kina chake kitaongezeka kwa upande mmoja.

"Shikamoo, mestre," alisema. "Haya ndiyo maji ya watu saba. Umelala salama?"

"Sikulala."

"Afadhali. Tuwe wengi."

Raimundo akamrudia Hamido aliyekuwa akipiga mswaki uani, akamwambia. Hamido alitema povu.

"Jana moja, leo saba. Mita yako ina wazimu, au ni wewe?"

"Ni mimi. Nilipima kompyuta ikiwa imekaa kumpokea mgeni."

"Kompyuta inapokea wageni?"

"Njoo uone."

Walikwenda kituoni jua lilipozifikia paneli, Bi Zubeida akiwafuata bila kualikwa, ndoo yake ameiacha kwa jirani. Raimundo alibana mita, akamwomba Nafisa afanye kama anavyofanya jioni. Nafisa alikuwa na macho mekundu, naye hakumsalimu kwa wepesi wa jana. Kwa kuwa hakukuwa na mpiga simu asubuhi ile, Bi Zubeida aliambiwa atoke na simu yake, asimame chini ya tangi, apige kutoka huko kwenye upepo.

"Niseme nini?"

"Chochote."

Sauti yake iliingia kama mahindi ya kukaanga, kisha ikatoka safi: "Mimi ni Zubeida binti Rajabo, namtafuta mwenyekiti wa maji, alipotea siku aliyochaguliwa, amevaa shati la bluu na tumbo lake mwenyewe." Mita ilipanda: tatu, tano, sita na nusu.

Hamido alikohoa, akasema, "Huyu mwanamke." Na Nafisa, aliposikia mtu mzima anasema nyuma yake, mkono wake ukaenda wenyewe, ukafunga kisafisha sauti, akageuka. "Labeka, mwenyekiti?" Mita ikaanguka hadi moja.

"Umeona?" alisema Raimundo. "Anza tena, binti yangu."

Wakaanza tena. Namba ikapanda. Hamido akaketi, kiti kikalia, Nafisa akageuka kuona kama amekaa vizuri. Namba ikaanguka. Mara ya tatu Hamido aliangusha fimbo yake, akaapa baadaye kwamba hakukusudia.

Bi Zubeida alikuwa amerudi mlangoni, simu sikioni. "Nafisa, mwanangu," alisema, na sauti yake ilitoka mara mbili, mlangoni na kwenye kipaza sauti cha chumba cha pili. "Tupe mgongo. Leo tumekuruhusu. Tufanye kama hatupo."

"Siwezi, shangazi. Mko nyuma yangu, nawasikia mnavyohema."

"Basi tutukane kidogo, utazoea."

Nafisa alicheka, kwa mara ya kwanza tangu jana, na kicheko kilipomtoka mabega yake yakashuka. Alivaa vipokea sauti. Aliwapa mgongo. Bi Zubeida alirudi chini ya tangi, akasema na upepo habari za ndoo, za shamba la mihogo, za binti yake aliyeolewa Vamizi asiyepiga simu, na hakuna aliyemkatiza. Mita ilipanda ikasimama pale pale ilipokuwa jana jioni. Sita nukta tisa. Hamido aliinama akaisoma, midomo yake ikitembea. Safari hii alikuwa anahema kwa pua, ili asisikike.

"Saba," alisema.

"Saba."

"Basi ikatwe." Hakulisema kwa ushindi. Alilisema kama mtu anayejiandaa kuchukiwa na upande wa pili.

Nafisa alivua vipokea sauti, akaviweka mezani taratibu, akamtazama Raimundo, akingoja.

Raimundo alikuwa amelifikiria usiku kucha, na alijua kwamba akilisema halitarudi. Alipitisha mkono usoni.

"Nafisa, cheza kitu kilichorekodiwa. Kile ambacho umekisafisha tayari."

Nafisa akacheza. Mita ikashuka: moja nukta mbili, moja nukta tatu.

"Kucheza hakuli," alisema Raimundo. "Kinachokula ni kusafisha simu inayoingia papo hapo. Na kinakula jioni, jua likiwa limeondoka, betri peke yake ndiyo inayolipa. Kazi hiyo hiyo ikifanywa baada ya adhuhuri, paneli zinalipa, betri haziguswi. Simu zipokelewe mchana, zitoke hewani mchana, zirekodiwe. Jioni zirudiwe. Redio ibaki, na pampu mtaikuta alfajiri ina nguvu zake."

Hamido aliangalia dari, akakokotoa jambo ambalo huenda halikuwa hesabu. "Simu za jioni hakuna?"

"Za jioni hakuna."

"Mestre," alisema Nafisa. "Mchana nani atapiga? Watu wako mashambani, wako vibaruani. Wanaopiga ni watu wa jioni."

"Atakayetaka atajifunza saa mpya. Waambieni kila siku."

"Na aliyelala?"

Hamido aliwatazama wote wawili, akijua kwamba kuna neno limepita juu ya kichwa chake. Raimundo alikuwa akiifungua mita kutoka kwenye nyaya. Aliizima, akaikunja ndani ya kitambaa, pembe kwa pembe.

"Aliyelala huamka siku moja kukojoa," alisema. "Labda siku hiyo."

Bi Zubeida aliingia kuuliza kama bado anatakiwa kuzungumza, kwa sababu salio lake linakwisha. Aliambiwa inatosha. Aliuliza namba ni ngapi, akaelezwa, akaelezwa pia habari ya mchana na jioni. Alimtazama Nafisa uso wake, akakaa kwenye benchi kando yake, akamshika goti, asiseme kitu. Kwa Bi Zubeida hilo lilikuwa jambo kubwa.

Pikipiki ilimrudisha Raimundo Palma kwa barabara ile ile, na ilimtendea vile vile.

Habari zilimfikia kidogo kidogo, kwa wapita njia. Tangi linajaa. Hamido amepata watu wa kumsalimia tena. Simu za mchana ni chache, zinaongezeka polepole. Wengine bado wanapiga jioni na kukuta sauti ya jana ikirudiwa, wanakata. Mtu wa Mocímboa alipata mjomba mmoja kati ya wawili.

Siku moja, adhuhuri, jua la utosi limewafukuza watu wote barabarani, Raimundo aliufunga mlango wa duka nusu. Zamani saa hizo alikuwa akilala kidogo. Sasa aliketi, redio mezani, mkono kwenye kitufe cha sauti. Jasho lilimtiririka ndani ya kola. Aliisikia sauti ya Nafisa, ile ndogo iliyokuzwa, ikisoma jina la Virgílio, jina la mama yao, kovu la kidoleni, kwa taratibu, kama anayemwamsha mtu bila kumshtua. Alikisoma kitangazo mara mbili. Zamani ilikuwa mara moja.

Kisha akapokea simu. Mwanamume. Raimundo alinyanyuka kidogo kwenye kiti. Alikuwa mtu mwingine, mtu wa Nangade. Aliketi.

Mdogo wake hakuwahi kuwa macho saa hiyo tangu apate kazi ya ulinzi. Raimundo alijua hivyo kuliko mtu yeyote. Alipangusa shingo kwa kitambaa kile cha mita, akaongeza sauti, ingawa redio ilikuwa inasikika vizuri, na akaendelea kuwasikiliza watu wa mchana.